Santuri Mpya Imenikosesha Mke

Mpendwa Mama Valentina, naomba msaada wako, na jina langu lifiche kwa sababu Nachingwea ni mji mdogo na mtaani kwetu fundi redio ni mimi peke yangu. Mke wangu Zuleha yuko kwa baba yake Nanganga, hii wiki ya tatu, na chanzo ni santuri. Baba mkwe, mzee Shaibu, ana santuri ya dansi ya zamani ambayo ubeti wa pili ukifika sindano inaruka, na enzi za marehemu mkewe wakisikia hapo walikuwa wanashikana mikono wanaruka wote wawili, watoto wakajifunza hivyohivyo, hata kwenye harusi yetu ukoo mzima uliruka pamoja nikadhani ndio mtindo wa kwao Ruangwa. Sasa mimi nikaagiza Dar santuri ileile lakini toleo jipya, nzito, imetolewa upya kutoka kanda halisi ya studio, Mama, besi inatembea, gitaa unasikia kila uzi, mwimbaji akivuta pumzi unamsikia, wakati ile ya mzee inalia kama dagaa kikaangoni. Nikamwalika tulinganishe, nikatundika khanga mbele ya mashine asione ipi inapigwa, nikaanza na mpya. Mzee akainuka, akacheza vizuri tu, ubeti wa pili ukafika akaruka, wimbo haukuruka, akatua kwenye sinia la wali. Nikacheka, na bado nikamwambia, "Baba, umeona? Miaka yote mlikuwa mnacheza mkwaruzo." Zuleha akasema, "Baba Imrani, wewe masikio yako ni ya spika tu." Akampangusa baba yake wali, akambeba mtoto, wakaondoka. Nyumba imepoa. Wewe ni mtu wa haki, waandikie kwamba santuri mpya ina sauti bora, labda watarudi.

Fundi, Nachingwea

Fundi wangu, pole kwa upweke, ila pole ya wali ni ya mzee. Swali lako ni jepesi: kwa besi na gitaa, mpya ni bora. Haya, mshindi, unaisikiliza na nani?

Baba mkwe anakaribishwa, hatahiniwi. Unamtegea khanga mtu mzima? Pale kwenye mkwaruzo ndipo alipokuwa anamshika mkewe mkono. Wewe umempa wimbo ambao marehemu hayumo, akaanguka, ukacheka. Nimekasirika hapa ninapoandika.

Meseji usitume. Ijumaa ukitoka kuswali panda gari la Nanganga, beba mashine yako, hiyo santuri mpya iache nyumbani. Mwombe radhi baba kwanza, kisha mkeo, na neno besi lisikutoke. Mwombe mzee santuri yake, uiweke mwenyewe kwa adabu. Akisimama kucheza, simama. Sindano ikifika pale, ruka. Utaruka vibaya, watakucheka, usijitetee. Hicho kicheko cha mama Imrani ndicho utakachokuwa umekifuata.