Uji Uko Chini ya Kawa

Baba Zaitun,

Uji uko chini ya kawa. Kunywa kwanza, ndipo umeze aspirini, kidonge kimoja tu. Goti liweke juu ya mto.

Asubuhi natandika, nikakuta vidonge vya jana umevifunga kwenye leso. Usiku kucha unauma meno kwa maumivu, kumbe unafunga Ramadhani kwa siri, unavikusanya uvimeze vyote magharibi! Na uji wa jana ulimpa nani, paka? Daktari aliyekupasua alisema usivilimbikize, na tumbo lisiwe tupu. Ile sindano kali ya maumivu ilibaki hospitali, hapa dawa ni hii tu. Nilipokuuliza ukageukia ukutani, kama mimi ndiye niliyekuvunja goti.

~~Nakwenda kwa mama, sirudi leo.~~ Nakwenda kumwita Shehe Abdurahim akwambie mwenyewe: mgonjwa hula, akipona atalipa siku alizokula. Dirisha nimelifunga, mtaa mzima wa Majengo hautakuona.

Unaona haya kula mchana? Kila mwaka Ramadhani ikiisha nalipa siku zangu peke yangu, nawe unakula mbele yangu, tena unaomba pilipili. Safari hii tutalipa pamoja.

Mama Zaitun