Programu Yangu Ilikataa Nafasi Tupu, Adija Akarudi Kwao

Shangazi Consolata, shikamoo. Naomba unisaidie, jambo hili hata nyumbani nashindwa kulianza.

Mimi niko Lindi mjini, nafanya kazi kwenye shirika dogo linalohudumia wajawazito, natengeneza programu ya simu ambayo wahudumu wa afya vijijini wanaandikishia kina mama, na kwa kuwa zamani fomu za karatasi zilirudi na mapengo mengi, nikaipanga programu isikubali pengo lolote, usipojaza jina la mume na namba yake haikuruhusu kuendelea wala kuhifadhi ulichokwisha kuandika, bosi akanisifu mbele ya wafadhili kwamba sasa taarifa zetu zimekamilika.

Kumbe kule Rutamba mhudumu wetu, dada Bertha, alimkuta mjamzito asiyetaka kumtaja mwenye mimba, akamwambia, "Dada, hilo silisemi," na Bertha alipojaribu kuruka ile nafasi simu ikamgomea, basi ili yule mama asikose kuandikishwa akaweka jina na namba ya jirani yake yeye Bertha, Kibwana, anayechaji simu za watu sokoni, bila kujua kwamba programu humtumia mume ujumbe. Ujumbe ukaingia: "Hongera Kibwana, baba mtarajiwa. Mpeleke mwenza wako kliniki." Aliyeusoma ni mkewe, Adija, ambaye tangu waoane hawajajaaliwa mtoto. Kibwana aliapa, Adija akamuuliza, "Sasa simu imelijuaje jina lako?" akafunga nguo zake akarudi kwao Nyangamara.

Bosi anataka Bertha aachishwe kazi kwa kuingiza taarifa za uongo na mimi ndiye niandike ripoti, wakati Bertha alishanipigia mapema akaniuliza, "Mtu akiwa hana cha kujaza nifanyeje?" nikamjibu, "Jaza tu dada, isikwame." Nikisema ukweli kibarua changu kitaota nyasi na mama ananitegemea, nikinyamaza Bertha anaumia. Nifanyeje, shangazi?

Apolonia (jina hili na majina ya wenzangu nimeyabadili)

Marahaba, Apolonia. Pole, lakini kwanza nampa pole Adija, kisha Bertha, wewe subiri.

Yule mjamzito alijibu vizuri tu. Alisema hasemi. Wewe ndiye hukumwekea mahali pa jibu hilo, ukamsukuma Bertha atafute la kupitishia, na leo hujui ni akina Kibwana wangapi wengine wamo humo ndani. Hizo ndizo taarifa zilizokamilika mlizosifiwa?

Zima huo ujumbe leo hii. Ila ile nafasi usiirekebishe bado. Panda gari na Bertha mwende Nyangamara, mpige hodi kwa adabu, muombe kuonana na Adija mbele ya wazee wake. Mpe simu aijaribu mwenyewe, aone inavyogoma. Akikuuliza mjamzito ni nani, usimtaje hata akikulilia, kwani huna ruhusa ya mwenyewe.

Ukirudi, tengeneza. Mhudumu aweze kuhifadhi alipofikia na kumalizia siku nyingine. Awe na pa kuchagua "hana", "hajui" na "hataki kusema". Wala namba ya mtu isitumiwe ujumbe kabla mwenyewe hajakubali. Bosi akilalamika mapengo yamerudi, mwambie ndivyo hali ilivyo huko vijijini.

Na ripoti uandike, uweke lile swali la Bertha na lile jibu lako. Sikudanganyi, unaweza kufukuzwa. Lakini mwanamke aliyekuuliza kwanza kabla ya kukosea, utamtazamaje machoni mkikutana stendi?

Sikungoja gazeti litoke, nilimpigia Apolonia nikamsomea haya. Walikwenda. Adija aliibonyeza ile simu weee, ikakataa, akamrudishia Bertha akisema, "Mngekuja siku ile ile." Kisha akaomba aazimwe simu ampigie mumewe, akatoka nayo uani akazungumza muda mrefu. Atarudi Rutamba baada ya Ijumaa. Ripoti imeshafika kwa bosi, na Apolonia bado hajaitwa.