Mkongojo wa Rehema

Jumanne, Tabora

Leo Rehema wa masijala amepanda ngazi za ofisi bila mkongojo. Nilimwonea wivu hadi nikainamia faili zangu aliponisalimu.

Ugonjwa wetu ni mmoja: neva za uti wa mgongo zimebanduka utando. Daktari alitufafanulia kwa mfano wa nyuki. Seli saidizi za neva ni kama nyuki: nyingine huondoa mabaki, nyingine hujenga utando upya kama sega. Zikishindwa, hubaki kovu.

Mzinga wa Rehema umejengeka. Wangu je? Karani kama mimi, asiyefika ghorofani, atabaki kazini kweli?

"Shika huu mkongojo, mdogo wangu. Ukipona, utampa mwingine," Rehema aliniambia baada ya kazi, akininyooshea mkongojo wake.

"Na nisipopona, dada?"

"Basi utauhitaji zaidi."

Nilitamani kuukataa. Nimerudi nao nyumbani Ntalikwa bila kuanguka hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma.