Kamera Isifunguliwe

6 Machi

Mume wangu mdogo,

Salamu nyingi kutoka kwa mkeo mzee. Huku sote wazima, ila goti langu la kushoto lina serikali yake, linaamua lenyewe siku ya kutembea. Wewe je, kifua kimepoa? Na huko kwenye udobi bado unawaunguzia watu mashati, au umeshajifunza kwamba pasi si jiko?

Sasa nisikilize. Mpangaji wangu wa chumba cha uani, yule mpole aliyekuwa akinisalimia hata mara tatu kwa siku, ameondoka alfajiri bila kuaga, na hakuondoka mikono mitupu. Kachukua redio, kachukua saa ya ukutani, kachukua kamera yangu. Redio na saa namwachia, ale navyo. Kamera siwezi.

Najua utasema, Bibi, studio ulishaifunga, macho yenyewe unaazima, kamera ya nini? Si kamera ninayoililia, ni filamu iliyomo ndani. Siku chache kabla babu yako hajafariki, nilikuwa jikoni namchemshia maji, nikasikia kamera inalia kule chumbani. Mtu ameishi na mpiga picha umri mzima na hajawahi kuishika hata kuifuta vumbi. Nikapaza sauti, "Wewe, unapiga nini huko?" Akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema, "Ukiisafisha filamu utaona." Basi, ikaishia hapo. Ugonjwa ukatuzidi nguvu.

Filamu ilikuwa haijaisha. Mimi tangu naanza kazi sijawahi kutoa filamu yenye nafasi tupu, ni mwiko wangu. Na baada ya msiba, kila nikisema niimalizie kwa sura ya mtu mwingine, kidole kinagoma. Mwaka wa pili huu sijui mume wangu alipiga nini.

Mwizi huyo alikuwa akitaja taja ndugu zake wa mjini kwenu. Kitu cha wizi hakilali kwa mwizi, kinauzwa. Zunguka maduka ya rehani, tafadhali. Na ukiikuta, mtu yeyote asiifungue kwa nyuma. Mwanga ukiingia hakuna tena picha, na mimi nitakuwa nimefiwa mara mbili.

Bibi yako

15 Machi

Bibi, mke wangu na wa marehemu mwenzangu,

Shikamoo. Pole kwa goti na pole kwa wizi. Kifua changu hakijambo. Mashati siku hizi siyaunguzi, nayapotezea vifungo tu.

Nimeiona. Kuna duka la rehani mtaa wa nyuma ya hospitali, jembamba kama korido, limejaa pasi, magitaa, feni zisizo na mapanga, na kiti cha magurudumu ambacho nilijiuliza mwenye nacho alirudi nyumbani vipi. Mwenye duka wanamwita Miwani, maana yake anazo jozi mbili, moja machoni na moja kichwani, na bado anakuuliza wewe ni nani. Kamera iko rafu ya juu. Niliijua kwa ile pembe iliyosuguliwa na kidole gumba chako.

Nikamwambia hii ni ya bibi yangu, imeibwa. Akanijibu bila kunyanyua kichwa, "Kijana, humu kila mtu ana bibi. Nikiwasikiliza nyote nitabaki na rafu tupu." Aliinunua kwa mtu aliyesema ni yake. Kuchubuka, anasema, kamera zote za zamani zimechubuka. Anataka nimwambie alama isiyoonekana kwa nje. Akiikuta, ataitoa. Je, unayo?

Kisha nikamwomba asiifungue. Akauliza kwa nini. Nikamweleza habari ya Babu na kile kicheko. Alitoa miwani ya machoni akaifuta, akavaa ya kichwani. Akasema siku ilipoletwa aliifungua kidogo tu, akaona filamu, akaifunga upesi. Bibi, sijui nikupe pole au nisubiri.

Mjukuu wako

23 Machi

Mume wangu,

Sijambo, goti halijambo, moyo ndio una jambo. Barua yako niliisoma nimesimama, ikabidi nitafute kiti.

Alama ipo. Iko ndani ya mlango wa nyuma wa kamera, niliikwaruza kwa sindano nilipoinunua. Nilijiona mjanja, eti mwizi hataiona. Kumbe mwenyewe nimejifungia nje. Ili nithibitishe kamera ni yangu lazima ifunguliwe, na ikifunguliwa, ninachokitafuta kinaungua. Cheka tu, mimi nimeshacheka.

Wengine wangeirudisha filamu kwenye kopo lake kwanza, ndipo wafungue. Yangu kile kikono cha kurudishia kilivunjika zamani. Nimezoea kuitoa gizani kwa mkono.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Tafuteni chumba kisicho na dirisha, mzibe hadi tundu la ufunguo. Mkinyoosha mkono na mkauona, mwanga bado umo. Gizani afungue, apapase upande wa ndani wa kile kimlango kwa ncha ya kidole, asiguse filamu, na akuambie amehisi nini. Wewe usimtajie kitu kabla. Alama ni mguu wa kuku.

Na umwulize neno moja, mwulize vizuri. Siku ile alipoifungua, alikuwa ameshaijaribu kwa kubonyeza, au alibonyeza baadaye? Mwanga unaanza kuunguza picha za mwisho, zilizo juu. Kama alibonyeza kwanza, zake ndizo zilizokula moto.

Bibi yako

1 Aprili

Bibi,

Shikamoo, na hii si ya siku ya wajinga.

Tuliingia stoo ya Miwani baada ya kufunga duka, mimi na yeye na magodoro sita ya watu. Alitandika koti lake chini ya mlango, tundu la ufunguo akalizibia sabuni. Tukanyoosha mikono. Akasema, "Wangu siuoni, lakini mimi hata mchana siuoni, sema wewe." Nikasema giza limekamilika.

Nikasikia kamera inafunguka. Akawa anapapasa, mimi jasho linanitoka kama niko kwenye pasi. Akasema, "Kuna mikwaruzo. Mitatu, inakutana chini. Kama ndege amekanyaga udongo." Nikamuuliza ndege gani. "Mimi si mtaalamu wa ndege, kijana. Kuku, basi." Akaifunga, nikasikia inabana. Bibi, nilimkumbatia mzee wa watu gizani nikagonga miwani yake yote miwili.

Amenipa kamera. Hasara yake anasema atamdai mpangaji wako siku wakikutana, na anaonekana ni mtu wa kukutana na watu. Na lile swali lako: alibonyeza kwanza, tena mara nyingi, akisikiliza mlio, mpaka ikakataa. Ndipo akafungua.

Ila ana sharti moja. Anataka kujua mzee alipiga nini. Anasema tangu nimsimulie hapati usingizi mzuri.

Nimeizungushia karatasi nyeusi na gundi. Jirani yangu muuguzi anakuja huko Jumamosi, ataishika mwenyewe mapajani.

Mjukuu wako

27 Mei

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Muuguzi alirudi akasema alikukabidhi mkononi. Tangu hapo kimya. Goti limepanda mpaka kwenye kalamu?

Miwani anapita hapa dobi kila jioni. Wiki iliyopita kaleta shati lililonyooka kabisa, anataka lipigwe pasi. Nikamwambia hili halina mkunjo. Akasema, "Kweli? Basi habari za bibi?" Hata mimi mwenyewe nataka kujua. Imeungua? Kama imeungua niambie tu, tutalia pamoja.

Mjukuu wako

10 Juni

Mume wangu,

Usinifikirie vibaya. Nimeipata, iko mezani, karatasi yako sijaibandua. Dawa za kusafishia ninazo, na chumba cha giza nimefagia mara mbili.

Naogopa. Si kwamba imeungua, hilo ningelivumilia. Sasa hivi, mjukuu wangu, bado kuna neno babu yako hajaniambia. Nikiamka asubuhi ninalo la kumuuliza. Nikishaiona ile picha, atakuwa amemaliza kuzungumza na mimi.

Mwambie Miwani ana sabuni kwenye tundu la ufunguo, aishughulikie kwanza.

Bibi yako

3 Agosti

Mume wangu,

Salamu kwako na kwa kifua chako. Mimi mzima, nimekula, nimelala, nakuandikia nimekaa.

Nimeisafisha juzi. Za Miwani zimeungua zote, moja tu imebakiza kipande cha goti lake. Mungu amzidishie tabia yake ya kuchezea vitu vya watu, maana zimekaa juu ya za babu yako zikazikinga.

Nimesema za babu yako. Mlio niliosikia mimi ulikuwa mmoja. Ziko nne.

Ya kwanza ni mlango wa chumba chetu, uko wazi, hakuna mtu. Nikasema kakosea, kabonyeza bila kujua. Ya pili ni mlango uleule, hakuna mtu. Nikaanza kumcheka. Ya tatu mlango, na kwenye sakafu kivuli kinakuja. Ya nne ni mimi naingia na bakuli, kichwa nimekigeuza nyuma, nabishana na jirani aliye uani, kelele zangu mwenyewe ndizo zilizonizuia kumsikia. Chini ya picha zote inaonekana pembe ya mto wake. Alizipiga akiwa amelala.

Nilikuwa nikitoka mle chumbani kwa kunyata, nikidhani amesinzia. Nikijipa na kazi ndogo ndogo huko nje ili nisimwamshe.

Mwambie Miwani mzee alipiga mlango. Akiuliza kama ndicho hicho tu, mwambie ndiyo, hicho tu. Akinyamaza, basi mpe salamu zangu, na siku akipita huku nitampiga picha nzuri, avae miwani moja.

Nimelia, sikufichi. Kisha nikalala upande wake wa kitanda, kichwa kwenye ule mto, nikautazama mlango. Ni hatua mbili tatu tu, naupita kila siku. Ukiwa umelala pale, mjukuu wangu, ni mbali. Sikujua kwamba ni mbali hivyo.

Bibi yako