Kitambaa cha Mama Mkwe

Shoga, Mustafa kafuta video ya baba yake. Ile ile ya pekee. Siamini.

Mama mkwe kashuka leo kutoka Vugiri kuja kumwangalia marehemu mumewe akicheka, kama kawaida yake. Video ikianza tu, feni inanguruma, kompyuta inazima. Tunawasha, inazima tena.

Mustafa kashikilia ni virusi. VIRUSI, shoga! Akafuta kila kitu akapiga Windows upya, akasahau kabisa kwamba video ilikuwa humo humo ndani.

Akachomeka flashi yenye video ya harusi yetu ajaribu. Ikazima! Ndipo akagusa boksi la kompyuta, akarudisha mkono haraka. Linaunguza. Kile kitambaa alichotufumia mama mkwe, tunachofunikia kompyuta isiingie vumbi, kimeziba matundu yote ya hewa.

Kitambaa, shoga. Kitambaa tu!

Kakitoa, harusi ikacheza mpaka mwisho. Hapo ndo akakumbuka. Katafuta video ya baba yake kila mahali, hakuna.

Mama kafurahi, kasogeza kiti: "Imepona, mwanangu? Haya, niwekee baba yako."

Mustafa anakikunja kile kitambaa, anakikunjua, anakikunja tena.