Fundi Niliyemzika kwa Mdomo

Fundi Mukanga,

Wiki ya tatu hii tangu tukuzike, na watu bado wananipa pole kana kwamba mimi ni mwanao. Nazipokea. Nikiwaambia kwamba nilikwisha kukuzika mara moja ukiwa hai, nani atanielewa? Wewe peke yako ulijua, na ulinyamaza.

Habari za hapa: Mama Feza, yule mjane, amenyoa nywele kwa ajili yako, na wote uliowajengea wamenyoa. Mstari mzima wa nyumba kando ya barabara ya Wamaza ni vipara vitupu. Mvua kubwa ya juzi haikuingia hata nyumba moja. Nilipita asubuhi kuuliza, maana najua ungeniuliza.

Nakumbuka walivyofika. Serikali ilikuwa imeamuru vijiji vya mlimani vihamie barabarani, na nyumba za juu zikachomwa ili wasirudi. Wenye vijana walijijengea. Wajane na wazee, ambao watoto wao walikuwa machimboni wakichimba dhahabu ya wengine, walilala katika kibanda cha kupimia pamba. Ulikwenda kuwaona mara moja tu. Uliporudi ulichukua tezo ukaanza kuchonga viti. Cha kwanza kilibebwa na sanamu ya mwanamke, ya mti huo huo, yenye uso wa Mama Feza, mpaka na kovu lake la nyusi. "Tutauzisha ivi viti," ulisema, "wapate miti na majani, na watu wa kuwajengea." Wewe ambaye hukuwahi kumchongea kiti mtu usiyemjua.

Mimi nilikuwa mdomo wako. Chema chajiuza, ulikuwa ukinitania, huku mimi nakitembeza chema chako kichwani toka Kabambare hadi Kasongo, jua likinila. Hakuna aliyenunua. Tuliporudi, mimi na kiti, yule mzungu anayenunua pamba hapa kwetu alikigeuzageuza akasema kazi ni nzuri, ila ni mpya. Alitaka vya zamani, vya watu waliokwisha kufa.

Ndipo nikafanya lile. Nilikitundika kiti juu ya jiko la mama yangu mpaka moshi ukakila, nikakipaka mawese na masizi, nikakirudisha kwa mzungu. Nikamwambia aliyekichonga alikufa kabla babu yangu hajazaliwa. Alikikumbatia kama mtoto. Akasema huo ni uso wa malkia wa kale, na wakati huo Mama Feza yuko kibandani anatwanga sombe, majani ya mihogo.

Nilirudi na chumvi, vitambaa na fedha za kutosha nyumba mbili. Ukaniuliza amekipendea nini. Nikasema, "Mikono yako, Fundi." Siwezi kusahau ulivyocheka. Miezi mingi ulichonga kwa moyo mweupe, ukiamini kuna mtu anayeijua kazi yako, nami kila kiti nikakipitisha kwenye moshi bila wewe kujua.

Halafu mzungu akaja mwenyewe, mchana, na gari lake. Ulikuwa barazani unachonga mpini wa jembe. Akataka aonyeshwe kaburi la fundi wa viti. Nikainama nikajitia kukusanya vibanzi vya mpini. Akakugeukia wewe.

"Muzee, kaburi ya ule fundi iko wapi?"

Ulinitazama. Kisha ukaitazama nyumba ya tano, ambayo ilikuwa miti mitupu, haina hata jani. Ukasema, "Alikufa zamani, Bwana. Majani ilifunika kaburi. Miye niko mutu wa mipini tu."

Mungu anisamehe. Husemwa mdomo huponza kichwa; wangu uliponza kichwa cha mwenzangu, nami nikabaki na changu. Hukunigombeza. Afadhali ungenipiga na huo mpini. Wiki ile ile uliniletea kiti kipya ukasema, "Tundika." Basi. Ukaleta vingine vitatu hivyo hivyo, na nyumba ya mwisho ilipoezekwa ukaiweka tezo chini, hukuishika tena mpaka umauti. Watu walisema ni uzee. Mimi nilikaa nawe kila jioni nikitafuta pa kuanzia kuomba msamaha, na kila jioni tukazungumza mihogo.

Sasa mzungu anafungasha. Mizigo yake itapelekwa Kasongo, kisha mtoni, kisha kwao, na viti vyako vimo humo, havina jina. Nimewaza sana. Nyumba zimekwisha, na sidhani kama atakuja kuziezua. Kilichobaki ni mgongo wangu, na fimbo ya Leta, hiyo serikali yao, naijua. Naogopa, Fundi. Hilo nalo sitakudanganya.

Lakini nakuahidi: kesho, kabla wapagazi hawajainua kitu, nitakuwa mlangoni kwake. Nitamwambia kila kiti kimechongwa na Mukanga, mtu wa hapa hapa, yule mzee aliyezungumza naye barazani, na sitaondoka mpaka ameliandika jina hilo chini ya kila kimoja. Akiniita mwongo atakuwa na haki. Basi nitamshika mkono nimlete hapa ulipolala, aone udongo bado mbichi.

Kwaheri, Fundi wangu. Nisamehe nilivyochelewa.

Saidi