Daktari wa Kwenye Dishi

Jumatatu, 17 Machi 2025

Presha ya Joviana imepanda tena. Mimba ya miezi minane, miguu imevimba. Nimemwambia mumewe, Kaijage: mvushe ziwa leo, aende hospitali Muleba, asingoje uchungu. Amecheka. Zamani, anasema, wanawake walivuka mwezi wa nane kwa sababu hapa kisiwani Goziba hapakuwa na daktari. Sasa yupo!

Yupo wapi? Kwenye kioo cha kompyuta. Dokta Kahigi yuko Bukoba, mimi nesi niko huku kisiwani, simu hushika ikipenda, na kati yetu kuna setilaiti ambayo hata wenyewe bado wanaijaribu. Fundi aliyefunga dishi alisema inazunguka sawasawa na dunia, kwa hiyo kwetu ni kama imetundikwa utosini. Kahigi mwenyewe amemwambia Kaijage avushe mke. Akajibiwa: kama unamwona kutoka huko, aje huko kufanya nini?

Jumatano, 19 Machi

Mtandao umekatika asubuhi. Nimetoka nje — dagaa! Dishi zima. Kaanika Ma Kokugonza, mama mkwe wa Joviana. Nimefoka hadi sauti imekauka. Yeye ametulia tu. Madishi yote anayoyajua yameinama, anasema. Hili limelala chali kama uteo, akajua limeharibika. Nimelisugua peke yangu. Hasira bado ninazo, na nanuka dagaa.

Alhamisi, 20 Machi

Kichwa kinamuuma Joviana. Anaona nyotanyota. Kahigi: avuke leo hii, kifafa cha mimba hakipigi hodi. Kaijage: ziwa limechafuka, kesho. Limechafuka, sawa. Lakini mchana mitumbwi miwili imeingia kutoka ng'ambo, na waliokuwamo hata nguo hazikulowa. Naogopa.

Ijumaa, 21 Machi

Kimekuja. Asubuhi Joviana amekakamaa, macho yamegeuka, povu mdomoni. Kahigi amenisimamia kutoka kwenye kioo — mlaze ubavu, choma magnesiamu, taratibu Hellen, taratibu. Ametulia. Moyo wa mtoto bado unapiga. Nimelia kidogo.

Kahigi anataka apasuliwe leo, mtoto atoke. Ziwa limetulia. Na Kaijage — Mungu wangu — Kaijage ameshuhudia yote, amepiga magoti mbele ya kioo. Waitu, nakusihi dokta, umeanza vizuri, malizia hapo hapo. Kahigi amemfokea kwamba kisu hakipiti kwenye setilaiti. Wapi! Kadiri anavyoeleza ndivyo Kaijage anavyoamini. Sura ipo, sauti ipo, basi daktari yupo.

Nimezunguka nyuma ya meza nikachomoa waya. Kahigi alikuwa katikati ya neno.

Nimemwambia Kaijage setilaiti imekufa. Nimemtazama usoni nikisema hivyo, mimi mtoto wa mchungaji. Hakubisha. Amekimbilia injini.

Tumo mtumbwini, wanamalizia kumimina mafuta kwenye tangi. Joviana yuko kwenye godoro, kichwa mapajani pangu. Dozi ya pili iko mfukoni. Kifafa kikirudi majini sina wa kuniambia taratibu.

Kope zake zimeanza kuchezacheza. Kaijage amegeuka, ananiuliza kwa upole: Ma Hellen, dokta alikuwa anasema nini pale ilipokata?